Maswali ya wasomaji: okazyo ya kweli unaijuaje?

Barua za kiangazi hiki zimetoka komini za Lubumbashi, yaani Kenya, Katuba na Ruashi, hata mji wa Kipushi, na karibu zote zinauliza jambo moja: hiki kifaa cha okazyo (kilichokwisha kutumika) ninachoonyeshwa, nikichukue au nikiache? Tumechagua tano. Kabla ya majibu tunaomba msomaji ashike hesabu hii, maana itarudi mara nyingi. Bei ya okazyo ina sehemu mbili: pesa anazotaja muuzaji, na pesa za kipuri cha kwanza kitakachokufa. Muuzaji anataja ya kwanza tu. Ya pili ni juu yako kuipiga, tena kabla ya kufungua mfuko.

«Jambo sana, wakubwa. Nasoma sheria Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwaka huu naandika kazi ya mwisho wa masomo. Nina dola 250. Kuna laptopu mpya ya Celeron, RAM GB 4, diski GB 64, kwa dola 220. Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) anasema nichukue ThinkPad T480 iliyotoka Ulaya kwa dola 230. Wameiandika “rekondisyone, gredi A”, yaani imekarabatiwa. Nimsikilize nani?»

Mdogo wetu, msikilize yaya wako, lakini usilipe leo.

Nyingi ya laptopu mpya za bei hiyo zina prosesa kama Celeron N4020, yenye viini viwili. T480 ilitoka mwaka 2018, na nyingi zilizoko sokoni zina Core i5-8250U, yenye viini vinne. Hiyo peke yake ingetosha, ila tofauti kubwa zaidi utaiona ukifungua kifuniko cha chini. Kwenye ile mpya, diski ya GB 64 imelehemiwa kwenye ubao, na mara nyingi RAM pia. Diski ikijaa huna pa kuongeza. Ikifa, laptopu imekwenda nayo. T480 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, na diski yake inatoka kwa bisibisi. Leo unanunua yenye GB 8, mwaka kesho ukipata kipande cha okazyo unaongeza mwenyewe.

Halafu kuna delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. T480 ina batri mbili: moja ya 24 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) ndani, nyingine nyuma, inayotoka ukisukuma vishikio viwili kwa vidole gumba. Ya ndani inaibeba mashini wakati unabadilisha ya nje, kwa hiyo maandishi yako hayapotei. Batri ya nje iko ndogo ya 24 Wh, na iko kubwa ya 72 Wh inayotokeza chini na kuinyanyua laptopu nyuma. Ukikuta yenye ile kubwa, na bado nzima, hapo ndipo pa kuongeza dola chache bila kuumia.

Sasa hilo neno «rekondisyone, gredi A». Gredi inasema habari ya sura: mikwaruzo, rangi, alama kwenye kioo. Habari za batri haisemi. Uliza mambo matatu: kipuri gani kimebadilishwa, nani alikibadilisha, na garanti ni ya siku ngapi. Jibu likishindwa kuandikwa kwenye risiti, hiyo ni okazyo kama okazyo nyingine, na bei yake iwe ya okazyo.

Vipimo vyenyewe vinakula dakika ishirini. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Zima kabisa, washa, bonyeza F1 mfululizo (kwenye HP ni F10, kwenye Dell F2). Unatafuta ukurasa wa mipangilio ya ubao. Ikiomba neno la siri asilolijua muuzaji, rudisha mezani. Wapo watakaokuambia ukitoa kibatri kidogo cha saa neno linafutika. Kwenye ThinkPad halifutiki, limehifadhiwa kwenye chipu ya ubao. Siku diski au Windows itakapokataa kuwaka na fundi akahitaji kuingia humo, atakwama.

Kisha iunganishe na intaneti ya simu yako. Kama Windows imesafishwa upya na inaanza mwanzo, tazama kwa makini: ikitaja jina la kampuni na kudai anwani ya mfanyakazi, basi laptopu bado imeandikwa kwa mwenye mali wa zamani. Unaweza kuisafisha mara kumi, bado itarudi palepale. Bila intaneti ukurasa huo hauonekani, na ndiyo maana tunasema uiunganishe hapohapo dukani.

Tatu ni batri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Linatokea faili ambalo mahali pake panaandikwa hapohapo, lifungue. Tafuta mistari miwili: uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Kwenye T480 utakuta batri mbili, kila moja na mistari yake. Tuseme kwa jumla kiwandani ilikuwa 48,000 mWh (sawa na 48 Wh) na sasa ni 26,400: imebaki asilimia 55. Kazi ya kuandika inakula kama wati 8 hadi 10, kwa hiyo una saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa masomo inafaa, lakini ujue batri iko njiani kufa.

Nne, chomeka chaja kwenye kila tundu la USB-C, moja baada ya jingine. T480 za mwanzo zilikuwa na kasoro ya programu ya ndani iliyoharibu matundu hayo polepole. Lenovo ilitoa marekebisho, ila tundu lililokwisha kufa halifufuki kwa programu.

Mwisho, cheza video dakika kumi na uweke kiganja ubavuni, hewa inapotokea. Hewa ya moto yenye nguvu ni njema. Kama feni inalia na hewa haitoki, vumbi limeziba. Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi hilo si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguza bei: kifuniko kinafunguliwa, feni inashikwa kwa kijiti cha meno isizunguke, vumbi linapulizwa nje, na dawa ya kupitisha joto inapakwa upya, kiasi cha punje ya mchele, isizidi. Ukipuliza feni ikiwa huru, inazunguka kupita kiasi na kuharibu mhimili wake.

Yaya wako amechagua vizuri kwa sababu moja zaidi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache. T480 yenye kizazi cha 8 imo. T470 ya mwaka 2017, inayofanana nayo kama pacha, yenye kizazi cha 6 au cha 7, haimo. Usichanganye hizo mbili, na usikubali kulipia moja bei ya nyingine. T470 bado inafaa sana kwa mtu anayekubali kutumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, lakini bei yake iwe chini zaidi.

Kwa dola 230: batri zote mbili zikiwa juu ya asilimia 70, chukua. Zikiwa chini, uliza kwanza batri ya nje inauzwa ngapi mjini, kisha mwambie muuzaji akutolee kiasi hicho. Akikataa, zipo nyingine: EliteBook 840 G5 ya HP na Latitude 5490 ya Dell ni za umri uleule na nguvu ileile, ingawa batri yao ni moja na inatolewa kwa kufungua kifuniko.

«Nimenunua laptopu ya okazyo, kibodi ni AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa) kama ya shuleni, lakini alama haziji. Nikitafuta @ pale ninapoiona, inatoka kitu kingine. Fundi anadai dola 25 abadilishe kibodi. Kibodi imekufa?» (Msomaji, Kamalondo)

Kibodi yako ni nzima, baba, usitoe hata franka. Mashini nyingi zinazofika Lubumbashi zimetoka Ubelgiji, na AZERTY ya Ubelgiji si ileile ya Ufaransa. Herufi zinafanana, alama ndizo zinazotofautiana. Tazama kitufe cha 2: kama @ imechorwa hapo, kibodi ni ya Ubelgiji. Kwenye ya Ufaransa @ iko kwenye kitufe cha 0. Tazama tena kitufe cha 8: ya Ubelgiji ina alama ya mshangao, ya Ufaransa ina mstari wa chini.

Aliyeweka Windows alichagua Kifaransa cha Ufaransa. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, ongeza kibodi ya Kifaransa cha Ubelgiji, uifute ile nyingine, na kila kitufe kitatoa kile kilichochorwa juu yake. Ni kazi ya dakika mbili.

Anayenunua leo afungue ukurasa mtupu wa maandishi na kubonyeza kila kitufe mara moja, mstari kwa mstari. Kitufe kisichoandika kabisa, au kinachoandika mara mbili, hicho ndicho kilichokufa.

«Mimi ni mama wa kibanda cha kutuma na kupokea pesa, sokoni Kenya. Kijana ananiletea iPhone 14, anasema imetoka Marekani, safi, batri asilimia 100, bei nzuri kuliko zote nilizosikia. Nataka simu moja inayobeba laini zangu mbili. Nichukue?»

Hapana, mama. Na sababu ya kwanza unaweza kuiona kwa macho: zungusha simu pembeni utafute kidirisha cha kuingizia kadi. Hutakiona. iPhone 14 zilizouzwa Marekani hazina nafasi ya kadi kabisa, zinatumia eSIM tu, ile laini isiyo na kadi. Laini zako mbili ni kadi, na mkate wako uko kwenye kadi hizo. Usilipe simu ukitumaini kwamba mtandao utakubadilishia. Nenda kwanza kwenye duka la kila mtandao wako, uulize kama watakuhamishia ile namba ya kibanda iwe eSIM. iPhone 14 za Ulaya zina nafasi ya kadi moja pamoja na eSIM. Za China bara zina nafasi ya kadi mbili.

Sababu ya pili ni hiyo asilimia 100, yaani afya ya betri, si chaji iliyomo. iPhone 14 ilitoka Septemba 2022. Betri ya simu iliyotumika tangu hapo haiwezi kubaki 100. Apple yenyewe inasema imeitengeneza ibaki na asilimia 80 baada ya kujazwa na kumalizwa mara 500. Kwa hiyo betri imebadilishwa, au simu haikutumika karibu kabisa, au namba imepandikizwa, na mafundi wenye mashine ya kuandika namba hiyo wapo. Fungua mipangilio, sehemu ya Jumla, kisha Kuhusu, ushuke mpaka historia ya vipuri. Betri, kioo au kamera iliyobadilishwa kwa kipuri kisichotoka kiwandani inaandikwa hapo kuwa haijulikani. Mstari huo usipoonekana, simu haijafunguliwa au imefunguliwa na fundi mjanja sana, kwa hiyo ongeza kipimo cha mkono: jaza chaji mpaka mwisho, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, cheza video dakika 20. Ikishuka chini ya asilimia 90, ile namba ilikuwa pambo.

Hapohapo kwenye Kuhusu kuna namba ya modeli. Tazama herufi yake ya kwanza. M ni simu iliyouzwa mpya. F ni iliyorekebishwa na kuuzwa tena na kampuni au mtandao. N ni iliyotolewa kufidia iliyoharibika. F si aibu, mara nyingine ni bora kuliko M iliyopita mikononi mwa watu wanne. Ubaya ni kuuziwa F kwa bei ya M.

Kufuli la akaunti ndilo linaloumiza watu wengi zaidi. Mwambie kijana aondoe akaunti yake mbele yako, aifute simu yote, aiwashe upya kwa intaneti. Ikidai barua pepe ya mtu mwingine, ni jiwe, hata iwe inang'aa vipi. Kwa Samsung na Android nyingine ni hivyohivyo: akaunti ya Google iondolewe kwanza kwenye mipangilio, ndipo ifutwe. Kuifuta kwa kubana vitufe vya pembeni hakuondoi kufuli, kinyume chake ndiko kunakoliwasha. Piga pia *#06#, uandike IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenye risiti pamoja na namba ya kadi ya mpiga kura ya muuzaji. Asiyetaka kuandikwa, muache na simu yake.

Kwa kazi yako, mama, tungekuelekeza kwenye Samsung ya okazyo yenye nafasi ya kadi mbili. Ukipiga *#0*# kwenye Samsung nyingi, unafunguka ukurasa wa vipimo: bonyeza nyekundu, kijani na buluu utazame kioo kizima kama kuna madoa, kisha kipimo cha kugusa, upitishe kidole kwenye kila kimraba. Kimraba kisichobadilika rangi ni sehemu ya kioo iliyokufa. Baada ya hapo fungua picha nyeupe tupu: ukiona kivuli cha kibodi au cha alama za juu kimebaki kama moshi, kioo kimeungua na kitazidi. Mwisho chomoa kidirisha cha kadi na umulike tochi ndani. Simu nyingi zina kibandiko cheupe humo. Kikiwa chekundu, maji yaliingia.

«Kwaya yetu Katuba imepata ampli (kikuza sauti) ya zamani kutoka Marekani, nzito, na bafle (masanduku ya spika) mbili kubwa. Muuzaji anasema kinachokosekana ni plagi tu, tununue kigeuzi cha plagi. Tunaogopa kuichoma.» (Mwenye hazina wa kwaya)

Mmefanya vema kuogopa. Kigeuzi cha plagi kinabadilisha umbo la chuma, hakibadilishi volti hata moja. Geuzeni ampli, msome kibati cha nyuma. Kikisema 100–240V, chomekeni bila wasiwasi. Kikisema 120V 60Hz, na umeme wetu ni 220 V, ampli hiyo ikichomekwa moja kwa moja itachoma fyuzi, na mkiwa na bahati mbaya transfoma yenyewe. Ampli nyingine zina swichi ndogo nyuma ya 110 na 220, imezama kidogo, inasogezwa kwa bisibisi. Itafuteni kabla ya kukata tamaa.

Isipokuwepo, mtahitaji transfoma ya kushusha kutoka 220 hadi 110. Kama kibati kinaandika wati 350, msinunue ya wati 350. Zile za bei rahisi hubandikwa namba kubwa kuliko uwezo wake, kwa hiyo chukueni ya 700 au 1,000. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya bei yenu: ulizeni gharama yake leo, muijumlishe na bei ya ampli, kisha mlinganishe na ampli ya okazyo ya Ulaya isiyohitaji transfoma. Mara nyingi ya Ulaya inashinda.

Kama bado mnaipenda, ipimeni. Iwasheni bila muziki, sauti chini. Mvumo mzito wa kudumu unatoka mara nyingi kwenye kapasita kubwa za kusafisha umeme, zimekauka. Zinabadilishwa, mradi mikrofaradi ziwe zilezile na volti ziwe sawa au zaidi, na muombe zinazovumilia joto la nyuzi 105. Zungusheni kitufe cha sauti: kikikwaruza, ni uchafu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia inatosha. Kisha fundi mwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme) apime volti za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, kwenye matundu ya bafle, bafle zikiwa zimetolewa. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikipita 100, kuna kitu ndani kinaharibika, na msiunganishe bafle yoyote mpaka kitengenezwe, kwa kuwa umeme huo unapasha koili ya spika mpaka iungue.

Bafle zenyewe: toeni kitambaa cha mbele, mguse ule ukingo unaozunguka karatasi ya spika. Wa mpira hudumu. Wa sponji, baada ya miaka 15 au 20, hugeuka makombo. Ukibonyezwa kwa kidole unaacha unga mweusi. Ukingo unaweza kubandikwa upya, lakini koili iliyokwaruzika haina dawa rahisi. Wekeni vidole vinne kuzunguka katikati, msukume karatasi ndani kwa upole na usawa. Mkisikia mkwaruzo, hiyo spika hesabuni kuwa imekwisha.

«TV ya inchi 43, sauti ipo, picha hakuna. Wanaiuza dola 40. Ni mpango mzuri?» (Msomaji, Ruashi)

Inategemea tochi. Iwashe, ingiza chumbani gizani, mulika kioo kwa karibu ukiinamisha tochi. Ukiona picha hafifu ikitembea ndani, kioo ni kizima na taa za nyuma ndizo zilizokufa. Usipoona chochote, tatizo liko kwenye ubao au kioo chenyewe, na dola 40 ni nyingi.

Taa zikiwa ndizo, nunua seti nzima ya vipande kwa namba ya modeli iliyoko mgongoni mwa TV. Kubadili kijitaa kimoja ni kupoteza siku, kwa sababu vingine vina umri uleule na vitafuata. Kazi yenyewe inataka watu wawili, kila mmoja ameshika pembe mbili, kwa maana kioo cha inchi 43 kikitolewa kwenye fremu ni chembamba na hakivumilii kukunjwa. Hapo ndipo TV nyingi zinapofia, mikononi mwa fundi aliye peke yake. Kubalianeni kabla: kioo kikivunjika analipa nani?

Ikishawaka, ingia kwenye mipangilio ya picha ushushe mwanga wa nyuma hadi 60 au 70. Kiwandani huwekwa karibu na mwisho ili TV ing'ae dukani, na joto hilo ndilo linaloua taa.